Mkono Uliocheza Ndani, Mlango Ukatulia

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, wanyama walipokuwa wamekwisha kuacha kusema na mashine ndiyo kwanza zinaanza kusikia, palikuwa na nchi yenye miombo mingi na nyuki wengi zaidi. Msiniulize ni nchi gani. Mkiijua mtaanza kubishana kabla sijafika katikati.

Katika nchi hiyo alikaa mwanamke aitwaye Nakunda, na kazi yake ilikuwa ukaguzi wa hataza. Hataza ni nini? Ni cheti cha serikali kinachosema: kitu hiki kipya kimebuniwa na fulani, asikitengeneze mwingine bila ruhusa yake. Na mkaguzi ndiye anayeuliza: ni kipya kweli? Ni cha huyu kweli? Nakunda aliuliza hivyo kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna uamuzi wake hata mmoja uliotenguliwa. Mawakili wenye tai nzuri waliingia ofisini kwake wakicheka, wakatoka wakifuta jasho. Alijivunia kazi yake, na alikuwa na haki.

Jambo moja tu lilimkera. Vyeti vya mashine za hospitali alivyovigonga mhuri vilikuwa vingi, na vyote, kimoja baada ya kingine, vilikuwa vya watu wa ng'ambo. Kila alipogonga alijisemea, "Na sisi je? Sisi hatuna vichwa?"

Basi Jumatatu moja likafika ombi la mkono wa kupasulia. Ulikuwa mkono wa chuma. Daktari anakaa kando akiuongoza, nao unapenya tundu dogo tumboni mwa mgonjwa, unakata na kushona humo ndani. Mikono iliyotangulia ilikuwa na ubaya mmoja: ikiinama huku na huku, tundu linapanuka na ngozi inachanika. Huu haukuchana. Ndani ulicheza, mlangoni, yaani pale kwenye tundu, ukatulia. Na aliyeuombea hataza hakuwa mtu wa ng'ambo. Alikuwa Daktari Kokubelwa, mwanamke bingwa wa upasuaji wa hospitali kuu ya hapo hapo mjini. Nakunda alifunga mlango wa ofisi, akacheza kidogo peke yake, akafungua tena.

Jumatano likaja ombi la pili. Dai lake la kwanza lilisema, "Nadai mkono unaocheza ndani huku mlango ukitulia." Mwombaji: Lutufyo, fundi mitambo wa hospitali ile ile. Nakunda akaketi.

Ijumaa akaja mwombaji wa tatu kwa miguu yake. Alikuwa mama wa makamo, mkono wake wa kulia umelegea, kwapani amebana kitu kilichofungwa kwenye khanga. Jina lake Nyanzobe, mfuga nyuki kutoka misituni.

"Shikamoo mama," Nakunda akasema. "Unadai nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nadai mkono unaocheza ndani huku mlango ukitulia."

Nakunda akashika kichwa.

Sheria ya nchi ile ilikuwa fupi. Dai moja, cheti kimoja. Anayetangulia kuleta ombi husikilizwa kwanza. Na kitu kilichokwisha kuonekana hadharani si kipya tena, ni cha wote. Nakunda akawaita wote watatu siku moja, chumba kimoja, akawaketisha mbele ya meza yake.

Daktari Kokubelwa akaanza. "Bi Mkaguzi, nimepasua watu miaka ishirini na miwili. Ni mimi niliyelia na vidonda vilivyopanuka. Ni mimi niliyesema: upatikane mkono ambao mlango wake hautikisiki, tundu lake lisizidi punje ya haragwe. Nilipima, nikaandika, nikachora. Miaka sita wenzangu walinicheka. Na ni mimi niliyeleta ombi kabla ya hawa. Kama nisingeuliza swali, nani angetafuta jibu?"

Lutufyo akadakia. "Bi Mkaguzi, kuuliza si kazi, kazi ni kujibu. Daktari alinipa mchoro. Nikauweka mezani, ukabaki mchoro. Nilitengeneza mikono kumi na mmoja, yote ikashindwa. Wa kumi na mbili ukakubali. Kila skrubu naijua, kila mota nimeifunga kwa vidole hivi. Mchoro haujawahi kumponya mtu. Mkono ulioko pale hospitali umetoka kwa nani?"

"Ngoja kwanza," Nakunda akasema. Miaka kumi na tisa ilikuwa imemfundisha mahali pa kuchokonoa. "Kumi na mmoja ilikataa, wa kumi na mbili ukakubali. Katikati hapo kulitokea nini?"

Lutufyo akatazama viatu vyake.

"Nilikwenda kununua asali," akasema.

Nyanzobe akacheka, akafungua khanga yake. Ndani mlikuwa na vijiti vinne vilivyofungwa pembeni kwa kamba za ngozi, vimelegea mfano wa fremu ya dirisha la zamani, na kijiti cha tano kirefu chenye kisu nchani.

"Mwanangu," akamwambia Nakunda, "mimi nilianguka kutoka mtini, mkono huu ukafa nusu. Mfuga nyuki asiye na mkono atakula nini? Nikaishusha mizinga chini, nikafunga vijiti hivi. Kisu kinaingia kwenye tundu la mzinga, kinakata sega lililoiva, kinaacha majana, watoto wa nyuki. Ndani kinacheza, mlangoni kimetulia, na nyuki hawana habari kama nimebisha hodi. Mwaka wa kumi na moja huu. Bwana huyu alikuja na chupa yake, akaniona, akasahau asali. Akaniomba nimwonyeshe mara tatu, nami nikamwonyesha mara tatu, maana mgeni hanyimwi. Sasa nasikia redioni kwamba kuna mkono wa maajabu hospitali. Nikajiuliza, wa maajabu ya nani?"

"Kweli?" Nakunda akamuuliza Lutufyo.

"Kweli, Bi Mkaguzi. Siwezi kumkana mama. Lakini vijiti ni vijiti. Vingeingia tumboni mwa mtu vikafanya nini?"

"Na kama si vijiti vyangu," Nyanzobe akajibu, "ungekuwa sasa kwenye mkono wa ishirini na ngapi?"

Nakunda hakutaka maneno tena. Maneno alikuwa nayo kabati zima. Akaagiza maini matatu ya mbuzi. Kila ini likachomekwa punje nyeusi ndani, likatiwa kwenye boksi lenye tundu dogo. Akawapa sharti moja: toa punje, ini lisiharibike, tundu lisipanuke, na kila mtu atumie kilicho chake tu.

Daktari akatumia vyombo vyake vya kila siku. Punje ikatoka, ini likabaki salama, ila tundu likachanika.

Lutufyo akatumia mkono wake wa chuma, akauongoza mwenyewe. Tundu likatulia, punje ikatoka, ila ini likawa la kuungwa mchuzi.

Nyanzobe akatumia vijiti vyake. Tundu likatulia, ini likakatwa kipande safi kabisa, ila punje ikabaki ndani. "Mimi nalijua sega lililoiva," akasema. "Hili sijui lilipoivia."

Wakacheka wote, hata daktari ambaye uso wake si wa kucheka ovyo. Kwa mara ya kwanza walitazamana kama watu wa kazi moja.

Haikupita wiki, hospitali ikampokea dereva wa lori aitwaye Sumbuko, nyongo yake imejaa mawe, analia kama mtoto. Akaelezwa habari ya mkono mpya na hatari zake. Akasema, "Fanyeni. Maumivu haya siyawezi." Nakunda akaitwa kushuhudia. Akavaa gauni la kijani, akasimama ukutani, mikono kifuani.

Daktari Kokubelwa akakaa kwenye kiti cha kuongozea. Lutufyo akasimama penye mota. Nyanzobe akawekwa nyuma ya kioo, maana yeye mwenyewe aliomba aone, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumkatalia. Mkono ukapenya. Ukainama kulia, ukainama kushoto. Halafu ukaanza kukwama, na pale kwenye ngozi tundu likaanza kuvutika.

"Simamisha!" daktari akaita.

Lutufyo akashika huku, akashika kule, jasho linamtiririka. Nyuma ya kioo Nyanzobe akagonga kwa kiganja.

"Umebana mno! Kona ya nne! Vijiti havibanwi hivyo, viache vipumue!"

Lutufyo akalegeza skrubu ya kona ya nne nusu mzunguko. Mkono ukacheza. Mlango ukatulia. Daktari akaiona nyongo, akaijua, akaitenga na ini, akaikata, akaitoa kupitia tundu lisilozidi punje ya haragwe. Siku ya tatu Sumbuko alikuwa anatembea barazani na kikombe cha uji, akifunua shati kumwonyesha kila apitaye kovu lisiloonekana.

Nakunda alilia siku ile mle mle chumba cha upasuaji, na hakujificha. Alikuwa ameona mikono mingi kwenye karatasi, mikono ya watu wenye majina asiyoweza kuyatamka. Huu uliongozwa na binti wa nchi yake, ukafungwa na fundi wa nchi yake, ukafikiriwa na mama wa nchi yake mwenye mkono mmoja mzima. Akajisemea, "Kumbe vichwa tunavyo." Nchi nzima ikajua. Mcheza kwao hutunzwa, na kila mtu akawa anangoja kuona nani atatunzwa.

Nakunda akawaita tena. "Nyinyi ni watu watatu na kazi ni moja," akasema. "Unganisheni maombi yenu. Cheti kitabeba majina matatu, mambo yaishe."

Wakakubali mara moja. Wakapeana mikono, wakapongezana. Kisha Lutufyo akauliza swali dogo tu.

"Jina la kwanza litakuwa la nani?"

Maana mashine huitwa kwa jina la kwanza, na wajukuu hulisoma hilo, hawafiki la tatu.

"La aliyetangulia kuomba," akasema daktari.

"La aliyetengeneza," akasema fundi.

"La aliyebuni," akasema mfuga nyuki.

Nakunda akawapa siku tatu. Wakarudi vile vile. Si kwamba walichukiana, la. Daktari alimletea Nyanzobe dawa ya bega lake. Nyanzobe aliwaletea wote wawili asali. Lutufyo alimkokotea mama kiti kila alipoingia. Lakini kila mmoja alikuwa amebeba miaka yake mgongoni, na hakuna aliyekuwa tayari kuitua nyuma ya mwenzake. Na mimi ninayesimulia siwalaumu. Mtu aliyefanya jambo kubwa ukimwambia akae wa pili, mbona unamwonea?

Kwa hiyo kazi ikarudi kwa Nakunda. Akafungua jalada ili aandike ripoti, na hapo ndipo alipoona shimo ambalo alikuwa akilizunguka tangu mwanzo.

Ukurasa wa kwanza wa ripoti uliuliza: *Je, mkaguzi ameona kitu kama hiki kilichokuwapo hadharani kabla ya maombi?*

Aliviona vijiti. Kijiji kizima kiliviona miaka kumi na moja. Akiandika "Ndiyo", atakuwa amemtaja Nyanzobe kuwa ndiye wa kwanza chini ya jua, heshima ambayo hakuna wa kuifuta. Lakini kwa neno hilo hilo mkono si kipya, hakuna cheti, si cha daktari, si cha fundi, wala cha Nyanzobe mwenyewe. Kila mtu atautengeneza atakavyo, na wa kwanza kuutengeneza kwa maelfu watakuwa wale wale wa ng'ambo, kisha watauziwa wenyewe waliouleta duniani. Akiandika "Hapana", cheti cha mkono wa kupasulia kitabaki nyumbani kwa mara ya kwanza, mikononi mwa Kokubelwa aliyetangulia kuomba. Ila atakuwa amesema uongo kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, na vijiti vinne vitakuwa havikuwahi kuwapo.

Akamwita Nyanzobe peke yake, akamweleza yote bila kumficha.

Mama akafikiri sana. "Kwa hiyo nikiwa wa kwanza, nimekosa," akasema. "Na nikikosa kuwa wa kwanza, nimekosa."

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Basi niulizie sheria yako swali moja. Kama vijiti vyangu vilikuwa wazi kwa kila mtu, mbona miaka kumi na moja hakuna aliyeona mkono ndani yake?"

"Lutufyo aliuona," Nakunda akasema taratibu.

"Aliuona kwa sababu Daktari alikuwa amemtuma autafute," akasema Nyanzobe, na aliposema hivyo mwenyewe akashtuka, maana alikuwa amewatetea wenzake wote wawili kwa pumzi moja.

Akaaga, akaondoka. Nakunda akabaki na kalamu, na ukurasa, na neno moja la kuandika.

Sasa aliandika nini, mimi najua, lakini siwaambii, maana nimesema peke yangu vya kutosha. Kalamu naiweka mbele yenu nyinyi mliokaa hapa mkitikisa vichwa. Daktari aliuliza, na asingeuliza kusingekuwa na cha kutafuta. Fundi alitengeneza, na asingetengeneza Sumbuko angekuwa bado analia. Mfuga nyuki alibuni, na kutajwa kwake kunawapokonya wote, kutotajwa kwake kunampokonya yeye. Na mkaguzi naye ana jina lake la miaka kumi na tisa. Haya, semeni, mmoja mmoja, msigombane: aandike "Ndiyo" au aandike "Hapana"? Na mkono ule uliocheza ndani mlango ukatulia, nani alistahili kuuita wake?