Nani Ale Firigisi ya Jumapili?

Sogeeni, wenye masikio, na mwenye kikohozi akakohoe kabisa kabla sijaanza.

Hapo zamani, ambayo si zamani sana kwa kuwa simu zilikuwepo na mtandao ulikuwa ukikatika kama unavyokatika sasa, huko Tukuyu kwenye mvua isiyobisha hodi, alikuwepo mwanamke mmoja mwenye mgahawa. Jina lake Subilaga, ila wateja walimwita Mama Lusajo, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Chai yake ilikuwa chai. Maandazi yake yalikuwa maandazi. Supu yake ya utumbo iliwasimamisha madereva wa malori, hata wale ambao breki zao zilikuwa za kubahatisha.

Na mgahawa haukufungwa. Jumatatu wazi, Jumapili wazi, Krismasi wazi. Mdogo wake alipoolewa, Subilaga alihudhuria harusi akiwa na aproni, akala wali amesimama, akarudi jikoni.

Mumewe Ambakisye, seremala mpole, alimwambia, "Mama Lusajo, pumzika."

"Nikipumzika, nani atakanda unga?"

Muuguzi wa zahanati akampima presha, akatazama kipimo, akakitazama tena. "Mama, pumzika."

"Nikipumzika, nani atakanda unga?"

Sekela, mwanamke aliyemsaidia kazi tangu mgahawa ulipofunguliwa, akasema, "Dada, nitakanda mimi." Subilaga akamtazama kama mtu aliyeomba kuendesha ndege.

Basi mwili ukaanza kumchezea. Kanisani mchungaji aliuliza kwa sauti kuu, "Nani yuko tayari kwenda mbinguni leo?" Subilaga, aliyekuwa amesinzia, akaruka kwenye benchi: "Inakuja! Inakuja! Tuweke na pilipili?" Kanisa zima likacheka. Yeye hakucheka. Hakukumbuka hata mara ya mwisho alipocheka.

Siku nyingine Ambakisye aliingia nyumbani kwake, mkewe akamfutia kiti bila kumtazama usoni. "Karibu, kaka. Unakula hapa au unafungiwa?"

Ambakisye akasimama mlangoni na msumeno wake. "Nakula hapa," akasema taratibu. "Na naishi hapa."

Lakini lililowatisha ni la asubuhi ile Subilaga alipokuwa akikanda, akainama, akainama zaidi, akalala na uso ndani ya unga. Sekela akamvuta. Subilaga akapenga kinyunya puani, akanawa, akaendelea kukanda. Karai la mafuta yanayochemka lilikuwa ubavuni pake.

Sekela akavua kanga ya kiunoni, akakimbilia karakana ya seremala. "Shemeji, leo ameangukia unga. Kesho ataangukia mafuta."

Ambakisye akampigia simu mama yake kijijini, Bibi Tupokigwe.

"Mama, naomba uugue."

"Niugue nini?"

"Chochote, mama."

"Mgongo unaniuma tayari."

"Mgongo hautoshi. Ugua ugonjwa wa kitandani. Mama Lusajo hawezi kufunga mgahawa kwa ajili yangu, lakini kwa ajili yako atakuja."

Bibi alikuwa mwanamke wa shamba. Kulala mchana aliona ni jambo la watoto wachanga na walevi. Mwishowe akasema, "Nitalala. Ila ndizi zangu zikiibiwa, utanieleza."

Kweli, Subilaga aliposikia, alilia. Akamkabidhi Sekela funguo pamoja na maagizo marefu kama mahubiri ya Pasaka. "Nakwenda na kurudi," akasema.

Walipofika, Bibi alikuwa akiguna kitandani kwa ustadi mkubwa hata Ambakisye mwenyewe akaingiwa na hofu. Subilaga akampikia uji usio na chumvi, akamnywesha, akamfunika. Kisha akakosa la kufanya. Akakaa mkekani barazani, "nanyoosha miguu tu," na akalala mpaka jua likaondoka barazani.

Kesho yake akataka kurudi. Alipokunja nguo, Bibi alikunja uso. Alipobeba mkoba, Bibi aliguna. Alipofika mlangoni, Bibi aliita jina la marehemu mumewe. Subilaga akaweka mkoba chini, akalala tena. Siku zikaenda hivyo.

Kila asubuhi alipanda kichuguu chenye mtandao. "Sekela, kuna nini huko?"

"Shwari, dada."

Shwari gani! Maandazi ya Sekela ya mwanzo yalikuwa magumu, mteja mmoja akauliza kama nyundo inauzwa kando. Supu iliungua. Wachuma chai walimtukana, madereva wakamnunia. Sekela alikanda peke yake, akapika peke yake, akaosha vyombo peke yake, akatukanwa peke yake. Na simu ikilia, alijifuta jasho na kusema, "Shwari, dada." Maandazi yakaanza kuumuka sawasawa kidogo kidogo, na matusi yakapungua.

Kijijini nako, jioni moja Subilaga aliushika mkono wa mkwewe akalia. "Mama, usife. Sijakaa na wewe hata kidogo. Kila mwaka nasema nitakuja, nitakuja." Ambakisye, mlangoni, alisikia yote. Akatoka nyuma ya nyumba akang'ata kofia yake ili asiungame.

Uongo ule uliangushwa na mbuzi. Mbuzi wa jirani aliingia kwenye maharage ya Bibi, akaanza kutafuna kwa raha zake. Bibi aliona kupitia dirishani. Alijizuia. Mbuzi akahamia tuta la pili. Hapo Bibi akaruka kitandani, akapita mlangoni na blanketi likiburuzika nyuma yake kama shela la bibi harusi, akashika fimbo, akamfukuza mbuzi hadi mtoni akimtaja yeye na ukoo wake wote.

Aliporudi akihema, alimkuta Subilaga amesimama na bakuli la uji.

"Mama," akasema Subilaga, "ugonjwa?"

Bibi akatazama fimbo. "Umetoka sasa hivi."

Subilaga akageuka kwa mumewe. Akapandwa na hasira, akafungua mdomo. "Mmeniachisha kazi kwa uongo! Mmeniliza bure!" Akanyoosha kidole kumwonyesha Bibi, na alipomwona na blanketi lake, na jani la haragwe kichwani, kicheko kikamponyoka. Akacheka mpaka akakaa kwenye tope. Akacheka mpaka kikageuka kilio. "Nimechoka," akasema. "Jamani, nimechoka." Hakuwahi kulisema neno hilo.

"Tunajua," akasema Ambakisye, akakaa naye topeni.

Aliporudi Tukuyu aliamua. Jumapili mlango unafungwa. Siku nyingine, ikifika alasiri, anakwenda nyumbani, na Sekela ndiye msimamizi. Wateja walinung'unika, kisha wakazoea.

Jumapili ya kwanza akapika jogoo, akawaalika wote. Akaitoa firigisi, akaiweka kwenye kisahani peke yake. "Hii," akasema, "ni ya aliyenirudishia uhai wangu."

Mikono mitatu ikanyooshwa.

"Ni yangu," akasema Ambakisye. "Kwanza firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Pili, nani alibuni mpango? Bila wazo langu, mngekuwa mnapika pilau la msiba."

"Wazo!" akasema Bibi Tupokigwe. "Wewe uliwaza, mimi nililala. Nimekunywa uji usio na chumvi nikiwa mzima, huku mwanangu anakaanga kuku nje na harufu inaniingia puani. Na huyo baba mwenye nyumba, nani alimzaa?"

Sekela hakupaza sauti. "Dada, mimi ndiye niliyeona karai la mafuta, nikaenda kusema. Mgahawa ungedorora ungerudi siku ileile, mgonjwa au si mgonjwa. Ulilala kwa sababu mimi sikulala. Hao wawili walikuwa kijijini. Mimi, mpaka leo, sijapumzika. Na kuku huyu nimemnyonyoa mimi."

Bibi akaurudisha mkono wake nusu, kisha akaunyoosha tena.

Subilaga akawatazama mmoja mmoja. Mume aliyemdanganya kwa upendo. Mkwe aliyeugua kwa ajili yake. Na Sekela, aliyekuwa akisinzia kidogo, mkono ukiwa bado umenyooshwa juu ya meza.

Kisahani kiko mkononi mwake, na firigisi inapoa. Mimi nimefika hapo, zaidi sijui. Enyi mliokula na mliosikia harufu tu, semeni: je, kati yao, nani alistahili?