Msumari Mrefu Haushiki Bati

“Msumari mrefu haushiki bati.” Mnacheka nini? Mkiambiwa hivyo msidhani ni habari ya nyumba tu. Kaeni, niwape chanzo chake.

Kule Ubena, kwenye upepo usio na adabu, palikuwa na seremala aitwaye Ngailo. Kwa vitanda na milango hakuwa na mpinzani. Alijua pa kupiga msumari, pa kukaza skrubu za bawaba, na pa kupitisha bolti na kuifunga kwa nati. Basi nyumba ya mama mkwe wake ilipofikia kuezekwa, akasema kazi hiyo haiguswi na mtu mwingine.

Dukani alionyeshwa misumari ya bati, mifupi, yenye kofia pana na kipande cha mpira chini yake. Akaibeza. “Vibete hivi ndivyo vitauweza upepo wa huku?” Akanunua mirefu ya inchi nne, ya kuungia mbao.

Mama mkwe aliiona. Lakini kwa desturi yao, mkwe na mama mkwe hawasemezani. Neno hupitia kwa binti. Akamtuma binti yake, Yusta: “Mwambie mumeo bati linataka kofia.”

Ngailo akanuna. “Mama yako kaanza lini ufundi?” Akapigilia mpaka bati la mwisho, akashuka kifua mbele.

Ukaja upepo wa Agosti. Mchana huo mama mkwe alikuwa amebaki nyumbani na mtoto mchanga wa Ngailo. Seremala akiwa kazini kwake, akaona bati linapaa juu ya mashamba. Lo! Alikimbia na patasi mkononi.

Kufika, misumari yake yote imesimama imara mbaoni, haikung’oka hata mmoja. Mabati ndiyo yaliyochomoka, maana vichwa vidogo vya misumari vilipita matunduni.

“Mama! Mama!” Akaisahau desturi, akaingia hadi chumbani kwa mkwewe. Bati moja lilikuwa limeanguka kitandani, limechana godoro.

“Tuko huku, jikoni!”

Mama mkwe aliposikia mabati yanagongana alimbeba mjukuu, akatokea mlango wa nyuma, akakimbilia jiko la nje. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala fofofo, hana habari. Ngailo akaketi kwenye majivu, akalia huku anacheka. “Asante Mungu. Nisamehe, mama.”

Mama mkwe akacheka naye, akamsemesha ana kwa ana kwa mara ya kwanza. “Inuka, mwanangu. Misumari yako mizuri, ila umeipeleka isikofaa. Kalete vile vibete kabla mvua haijaninyeshea.”

Jioni ile Ngailo alipanda na misumari ya kofia, na ngazi alishikiwa na mama mkwe mwenyewe. Tangu hapo, pale kijijini, mtu yeyote akitaka kupewa kazi kwa ukubwa wa jina lake tu, wazee humtazama kwa upole wakamwambia: msumari mrefu haushiki bati.