Simbi Kinywani mwa Kiboko

Ngano hiyooo!

— Imwage tuizoe!

Masikio yako wapi?

— Yako wazi!

Na vinywa?

— Vimefumbwa!

Vifumbeni barabara, maana yupo mmoja aliyefumbua chake, na yaliyompata ndiyo haya. Tena asiniambie mtu kwamba aliisikia kwa mwingine. Huyo mwingine aliisikia kwangu, akaiharibu.

Basi, alikuwapo Kiboko na alikuwapo Pimbi. Kiboko mkubwa kama ghala, Pimbi mdogo kama kiatu. Wote wawili walikuwa na hisa katika mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye mkwaju kando ya mto. Mwenye hisa nyingi alipata asali nyingi, mwenye hisa chache alipata kidogo. Nyuki wakizidi hutundikwa mzinga mpya, nao unakuwa wa wenye hisa walewale.

Siku moja Yangeyange, yule ndege mweupe, akaja kutoka ng'ambo ya ziwa, pa-pa-pa!

"Jamani, simbi zimepanda! Simbi moja kwa kapu la mtama!"

Simbi ni vile vijigamba vyeupe ambavyo huko ng'ambo ndiyo fedha. Kiboko akawauzia kima hisa zake zote, akanunua simbi, akazifukia matopeni, akalala juu yake.

"Na wewe uza," akamwambia Pimbi. "Asali hulika ikaisha. Simbi haiozi."

"Haiozi, babu. Inazaa?"

"Inapanda!"

"Kupanda nimesikia. Nimeuliza kuzaa."

Kiboko akamgeuzia makalio.

Mara ukaja ukame. Maua yakanyauka, nyuki wakahama, mizinga ukiigonga inalia kavu: ko, ko, ko. Kila asubuhi Yangeyange anatua: "Simbi imepanda!" Kiboko anacheka, ho-ho-ho, mpaka maji yanaruka kingo.

Pimbi hakutulia. Akakaa, akainuka. Akapanda jiwe, akashuka jiwe. Akagonga mzinga: ko. Akaondoka, akarudi kuugonga tena: ko. Watoto wake wanatafuna magome, wanamwangalia. Naye moyoni anajisemea: Je, kama mzee amesema kweli? Nyuki wasiporudi, hawa watalamba nini?

Kiboko akaja, gidi-gidi-gidi.

"Pimbi! Hisa zako zote, nakupa simbi moja."

"Moja, babu? Jana ulisema mbili."

"Jana ulikuwa hujakonda."

"Nikikataa?"

"Ah, hakuna ugomvi. Nitajikuna tu mgongo kwenye huo mkwaju wenu. Ukianguka, bahati mbaya."

Pimbi akautazama mkwaju. Mti ukienda, mizinga imekwenda, na watoto nao ndio basi.

"Babu, mtu mzima kama wewe uangushe mti kwa simbi moja? Utachekwa. Tushindanishe mali. Mvua zikirudi tukutane hapa, mbele ya wanyama wote. Simbi zako zikiwa zimezidi mali yangu, chukua hisa zangu bure. Zisipozidi, mgongo wako ukakunie kwingine."

Kiboko kusikia "bure", udenda ukamtoka.

"Nimekubali!"

Pimbi akaondoka. Akasimama. Akarudi.

"Ila zitunze, babu. Kambare wanachimba hayo matope. Mimi nimeona mikia tu, sikutaka kusema."

Mikia gani? Hakuna mikia! Lakini hapo hapo kutotulia kukahama kwa Pimbi, kukahamia kwa Kiboko. Akakaa, akainuka. Akafukua, akafukia. Akafukua tena, akafukia tena. Mwisho akazisomba simbi zote, akazijaza kinywani, shavu hili na shavu lile, akafumba.

Sasa kula hawezi. Kupiga miayo hawezi. Akisinzia anaogopa atazimeza. Anazipapasa kwa ulimi: zilezile. Yangeyange anatua, "Simbi imepanda!" Kiboko, "Mmmh!" Yangeyange anatua, "Simbi imeshuka!" Kiboko, "Mm-mmh!" Ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka. Akizipapasa: zilezile. Ngozi ikaanza kumning'inia kama shuka la kuazima.

Mvua ikaja. Tii, tii, kisha mwaaa! Mkwaju ukachanua, nyuki wakarudi, vuuuu! Wakajaa, wakagawanyika. Ukatundikwa mzinga mpya, na mwingine, na mwingine. Pimbi akachukua gawio lake mpaka akakosa vibuyu, akaanza kuazima kwa kima. Na ng'ambo nako ikanyesha, mtama ukawa wa kumwaga. Yangeyange akatua kwa aibu, pa... pa...

"Simbi moja kwa konzi moja. Tena wanakupimia wakinuna."

Siku ya mashindano wanyama wakajaa ukingoni. Kiboko akatoka mtoni, gidi-gidi-gidi. Hakuja kwenye baraza. Alikuwa anakwenda kinyumenyume, mgongo ameuelekeza kwenye mkwaju.

Pimbi akaona: mti unakwenda. Akakimbia huku, akakimbia kule, kisha akapiga kelele:

"Watoto! Babu anapita, nanyi mmekaa tu? Adabu iko wapi?"

Watoto wakajipanga, wote kwa sauti moja:

"Shikamoo, babu!"

Kiboko akasimama. "Mmmh."

"Shikamoo, baaabu!"

"Mmmh!"

Kima juu ya mti wakaanza.

"Haitikii!"

"Mzee mzima anaacha shikamoo ya watoto ianguke chini?"

"Huyo si mzee, huyo gogo!"

Kiboko akatazama kushoto, akatazama kulia. Aitwe mlafi, sawa. Aitwe mwonevu, sawa. Lakini isemwe kwamba hakuitikia shikamoo? Hapana, hapana!

"Marahabaaaa!"

Chubwi! Chubwi! Chubwi-chubwi-chubwi! Simbi zikaporomoka mtoni, maji yakazibeba. Kiboko akasahau mti, akasahau mgongo, akazama nyuma yake, chubwiii!

Mpaka leo yumo. Anazama, anapapasa, anaibuka, puuu! Na ukimwona Yangeyange amemkalia mgongoni, usidhani anamtoa kupe. Anampa bei. Ikishuka, anazama. Ikipanda, anazama zaidi.

Ngano nimeitua hapo. Mwenye bega aibebe, mwenye mashaka akamuulize Kiboko.

— Na fundisho?

Fundisho, wanangu, ni kwamba mali ya ng'ambo haina kasoro hata kidogo. Kasoro ni ninyi. Acheni kusalimia wazee, mnawafilisi.