Bwawa la Kiboko na Njia ya Bi Pimbi

Mko macho?
— Macho kodo!
Niimwage?
— Imwage, tumekinga!

Basi hapo kale bwawa lilikuwa la wanyama wote, na mambo yake yaliamuliwa barazani kwa kura. Siku moja Kiboko akaja barazani, tifu, tifu, tifu.

"Ndugu zangu, bwawa limejaa tope kwa sababu halina mwenyewe. Nipeni mimi, litajiendesha. Kura zenu mtabaki nazo."

Wakampa, kwa mkataba. Kura wakabaki nazo.

Kiboko akatangaza: "Mwenye kiu alete nyasi!" Tembo akaleta nyasi, akanywa. Nyati akaleta nyasi, akanywa. Bi Pimbi, mjane mdogo wa mwambani, akaleta kiganja cha nyasi, akaambiwa hazitoshi. Wanawe wakalala ndimi nje.

Akakimbilia barazani. "Jamani, tupige kura juu ya maji!"

Mwenyekiti Korongo akakohoa. "Mama, mkataba hauguswi na kura. Leo tunapigia kura wimbo wa baraza."

Bi Pimbi akapiga kura. Wimbo ukapita. Kiu ikabaki.

Akawaza mpaka masikio yakamwasha, kisha akamwendea Kiboko.

"Mzee, umesema kweli. Kila kitu kiwe na mwenyewe. Mimi nipewe njia tu, hii inayozunguka bwawa. Nitaifagia."

Kiboko akacheka, kho, kho, kho! "Mpeni! Mkataba kama wangu!"

Baraza likampa.

Asubuhi Tembo akaja na nyasi. Bi Pimbi kakaa katikati. "Njia imefungwa." Nyati akaja. "Njia imefungwa." Kufika adhuhuri tumbo la Kiboko linalia nguru, nguru. Akatoka majini, chubwi!

"Fungua, nisije nikakukanyaga!"

Bi Pimbi hakusogea. "Nikanyage, mzee. Lakini ukivunja mkataba wangu kwa nguvu, na Tembo yule ataweza kuvunja wako."

Tembo akakunjua mkonga, polepole.

Kiboko akamtazama Tembo. Akamtazama Nyati. Akarudi majini. "Liiteni baraza! Lipige kura!"

"Mkataba hauguswi na kura," akasema Korongo alipofika na baraza lake.

"Uguswe! Mikataba yote iguswe!"

"Yote?" akauliza Bi Pimbi.

"Yote! Nina njaa!"

Wakapiga kura, njia ikarudi kwa wote. Wakapiga tena, bwawa likarudi kwa wote. Wana wa Bi Pimbi wakanywa mpaka wakatumbukia, mama akawatoa kwa masikio. Kiboko akaonyeshwa nyasi zinakoota.

Ngano imefika kwao, nami narudi kwangu. Na funzo lake, wanangu, ukimuuliza Mwenyekiti Korongo, ni hili: mambo ya maji ni ya wataalamu, msiyaingilie. Pigeni kura, mwende mkalale.