Mgeni wa Mtungini kwa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, kabla ya hilo friji mnaloliacha wazi kila siku, Bi Pimbi alilima mchicha kando ya miamba. Mwenyewe hampiti paka kwa ukubwa, lakini mchicha wake sasa!

Kila siku ya mavuno jirani yake Kiboko alifika, du! du! du!

"Mboga za leo zisilale, jirani! Kesho zitaoza!" Akazila zote. Siku zilizobaki, watoto wa Bi Pimbi walikula ugali mkavu.

Mwaka mmoja Bi Pimbi alichoka. Akavuna alfajiri. Hakuuosha mchicha, maana ukifungwa na maji huoza. Akaufunga mafungu kwa majani ya mgomba, akautia mtungini, na mtungi akauweka ndani ya mtungi mkubwa zaidi. Katikati akajaza mchanga, akaulowesha, kisha akafunika gunia bichi.

Bibi yangu alikuwa na mtungi kama huo nyuma ya mlango wa jiko. Jua likiwaka, nilikuwa nalaza shavu pale. Jamani, nimeukumbuka mtungi ule!

Tabu ilikuwa moja. Mchanga ukikauka, mboga zinanyauka, na mto ulikuwa mbali kwa vijiguu vya Pimbi.

Du! du! du! "Hodi! Mboga ziko wapi?"

"Sss! Polepole, Bwana Kiboko. Kazimeza Baridi."

"Baridi ndiye nani?"

"Mgeni wangu. Kalala mtungini. Mguse."

Kiboko akagusa kwa pua. "Yalaa! Yumo kweli!"

"Ana kiu huyo. Akikosa maji hapa, atahamia mtoni kwako."

"Kwangu? Nilale na Baridi? La, la, la! Anakunywa kiasi gani?"

"Kinywa chako kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mmwagie mchangani tu, usimfunue."

Basi Kiboko akawa anapita njiani mashavu yamevimba, akisalimiwa haitikii. Akifika, mwaaa! Jioni anakuta mchanga umekauka.

"Kayanywa yote! Mlafi huyu!" Asemaye hivyo ni Kiboko, wajukuu zangu.

Siku ya sita aliwahi kufika, kinywa kimejaa maji. Akawakuta watoto wa Bi Pimbi wanakula, kwaru kwaru, mchicha wa kijani kibichi, na mama yao anatoa fungu jingine mtungini.

Macho yakamtoka. Akafumbua kinywa afoke. Mwaaa! Maji yote yakamwagika mchangani.

"Ahsante, jirani," alisema Bi Pimbi. "Hayo yatatufikisha kesho. Mboga zimelala siku sita, na ndizo hizi. Bado utasema zitaoza?"

Kisingizio cha Kiboko kilikuwa hicho kimoja tu. Akarudi mtoni kwa aibu, na siku ya mavuno hakuonekana tena.

Nguvu huteka maji, akili hula mboga. Hadithi yangu imefika mlangoni, na sasa mmoja wenu aende akafunge ule wa friji.