Randa ya Babu na Mlango wa Zimwi

Sogeeni, masikio yawe wazi! Hapo kale zimwi lilimfungia mama yake Mwanakheri nyuma ya mlango wa mvule. Kila ulipopigwa shoka, mlango ulizidi kunenepa.

Mwanakheri akaikumbuka randa ya marehemu babu yake, fundi seremala. Akaiteremsha darini: mti wake umekauka, chuma kimeliwa na kutu. Akakisugua chuma kwa mchanga, akakinoa mpaka kikakata unywele, na mti akaupaka mafuta ya nazi. Lo! Randa ikashusha pumzi.

“Mjukuu wangu,” ikanena kwa sauti ya babu, “usiupige mlango. Ulainishe.”

Akapiga randa mara ya kwanza, fyuuu! Mlango ukacheka. Mara ya pili, fyuuu! Zimwi likapiga ukelele, “We binti, unanichuna ngozi!”

Kumbe mlango ndio mwili wake! Lakini Mwanakheri hakukoma. Mara ya tatu, fyuuu! Zimwi likawa maranda matupu, upepo ukayapeperusha.

“Mama!”

“Mwanangu!”

Mama akatoka akipepesa macho juani, akamkumbatia binti yake hata randa ikabanwa katikati, wakacheka mpaka machozi. Nami nimeutua mzigo wangu wa hadithi. Mwenye wake ajitwike.