Injini ya Mama Sekela na Jina la Mtoto

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi, maana waliokuwepo bado wanapumua, aliishi mkunga mstaafu katika milima ya Rungwe. Watu walimwita Mama Sekela. Alikuwa na gari dogo lenye injini ya silinda nne na turbo. Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya mlima, na gari hilo ndilo lililowavusha wajawazito wa kijiji. Lilikuwa limetembea zaidi ya kilomita laki nne.

Siku moja likafia mlimani. Likatoa moshi wa bluu, likakohoa, likanyamaza. Vijana wakalisukuma mpaka uani kwake.

Akaja fundi wa mjini, akafungua boneti, akasema, "Mama, hii imekwisha. Uza chuma chakavu."

Mama Sekela akasema, "Siuzi."

Akaja fundi wa pili, akachungulia, akatikisa kichwa. "Uza chuma chakavu."

"Siuzi."

Ndipo akaja Lusajo, aliyekuwa akitengeneza mashine za kusaga pale kijijini. Akasema, "Mama, sikudanganyi. Injini ya turbo sijawahi kuifumua. Lakini ukinipa uwanja wako na uvumilivu wako, nitajaribu."

"Uwanja huu hapa," akasema Mama Sekela. "Uvumilivu ninao. Nimezalisha miaka thelathini."

Lusajo akafunga mnyororo kwenye boriti la banda, akashusha injini. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika, silinda zimejaa mikwaruzo. Bloku, chuma kilichoshika silinda, likapelekwa Mbeya kuchongwa. Siku ya kurudi, mvua ilikuwa imeharibu barabara, na gari la mizigo likaliacha bloku chini ya mlima. Lusajo akalipakia kwenye toroli. Akavua koti lake, akafunika silinda zisipate kutu, mwenyewe akalowa. Akasukuma tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Alipofika, viganja vyake vilikuwa vimechubuka. Silinda zilikuwa kavu.

Lakini turbo, feni inayoisukumia injini hewa, nayo ilikuwa imekufa. Mhimili wake ulicheza kama jino bovu. Wakatafuta nyingine Mbeya, wakakosa. Wakatafuta Tunduma, wakakosa.

"Najua ilipo moja," akasema Lusajo, akitazama ng'ambo ya ua. Wote walijua ilipo.

Ilikuwa kwa jirani, Baba Ipyana. Mwanawe wa pekee, Ipyana, alikuwa na gari la aina ileile. Lilipinduka, Ipyana akafariki. Bloku lilipasuka, bodi ikapinda, lakini turbo ilibaki nzima. Baba yake alilirudisha gari nyumbani, akalijengea kibanda. Kila Jumamosi alilifuta vumbi. Hakuna aliyeruhusiwa hata kuliegemea.

Mama Sekela akaenda kuomba.

"Jirani, umekuja vizuri," akasema mzee, "lakini gari hilo haliguswi."

"Nimekusikia, Baba Ipyana. Sitarudia kukuomba."

Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili ikapita. Siku ya tatu mzee akaja mwenyewe uani, kofia mkononi. "Lusajo, niazime spana. Bolti nitalegeza mimi. Wewe nielekeze tu."

Kule kibandani akalegeza bolti moja baada ya nyingine, machozi yakimdondoka juu ya chuma. Akaifunga turbo katika shati la mwanawe, akaivusha ua. Jumamosi iliyofuata hakwenda kufuta vumbi.

Sasa yupo Sekela, binti wa Mama Sekela, fundi cherehani. Injini ilipofumuliwa, yeye alishona kitambaa chenye vifuko mia, kila bolti na kifuko chake, kila kifuko na alama yake. Wakati wa kufunga, hakuna kilichopotea, hakuna kilichobaki.

Siku ya kuwasha, Lusajo tayari ameshika ufunguo, Sekela akasema, "Ngoja, kaka. Kile kibomba chembamba kinachopeleka oili kwenye turbo, ulikisafisha?"

"Nilikiosha kwa mafuta ya taa. Kinang'aa."

"Nje kinang'aa. Kifungue, tafadhali."

Lusajo akaguna, akakifungua. Sekela akapuliza. Hewa haikupita. Akaingiza waya, yakatoka masizi magumu kama punje za mkaa. Lusajo akashika kichwa. Wangewasha vile, turbo ingezunguka bila oili, na ingeungua kabla chai haijapoa.

Wakafunga tena. Wakawasha. Injini ikaguna, ikaguna, ikawaka! Turbo ikapiga mluzi mwembamba. Baba Ipyana akafumba macho. "Ndivyo mwanangu alivyokuwa akiupanda mlima," akasema.

Juma lilelile Subilaga, mke wa mwalimu, akashikwa na uchungu mchana, mvua ikinyesha. Mama Sekela akashika usukani. Gari likapanda, likapanda, likavuka. Mtoto alikuja amezungukwa na kitovu shingoni, na wauguzi wakamwahi. Msichana, mzima, mwenye sauti.

Subilaga aliporudi nyumbani akawaita wote. Kadi ya kliniki ilikuwa mapajani, mstari wa jina mtupu. "Ndaga sana, ndugu zangu," akashukuru. "Mwanangu atachukua jina la aliyelifufua gari. Jina moja tu."

Lusajo akasema, "Majina yetu yote msichana anaweza kuitwa, basi niseme langu. Wawili walisema uza chuma. Mimi nilisema nitajaribu. Bila mikono hii, hiyo turbo ingefungwa wapi?"

Sekela akasema, "Mikono ilifanya kazi, kaka, sikatai. Lakini mikono hiyohiyo ilikuwa inakwenda kuiua injini siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyesema ngoja."

Baba Ipyana akasema, "Langu mimi silitaki. Mimi nilitoa chuma tu. Lakini chuma kile kilikuwa cha mwanangu, na sina mjukuu wa kulibeba jina lake. Mkiona inafaa, aitwe Ipyana."

Wakamgeukia Mama Sekela. Akacheka, akampokea mtoto. "Mimi nilishika usukani tu. Msinitwishe hilo."

Subilaga akafungua kalamu. Kalamu iko juu ya kadi, mtoto amefumbua macho, wote wanangoja.

Haya, mnaonisikiliza. Lusajo, Sekela, au Ipyana: mngekuwa ninyi mmeshika kalamu ile, mngeandika jina la nani?